Jiwe Nambari 217 Halitawekwa Kaburini

Mwanzo wa maisha ya marehemu tulisimuliwa na shangazi yake, Nthoki, mwezi wa Agosti mwaka wa 1999, jikoni kwake Kariobangi, kwa kuwa wazazi hawakuacha maandishi, na yeye ndiye aliyekuwapo Mativo Kyule alipozaliwa tarehe 14 Agosti 1958, chini ya kilima cha Mavia, Kitui, ambako mtoto alioshewa juu ya jiwe bapa kwa sababu beseni lilikuwa limetoboka.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini toka 1966 hadi 1972, akamaliza kidato cha nne Machakos mwaka wa 1976, na tarehe 2 Mei 1978 akaajiriwa kuwa msaidizi wa wataalamu wa miamba katika Hifadhi ya Mavia, penye nguzo za mawe meusi zenye pande sita, zilizosimama bega kwa bega kama watu kanisani, ambazo zamani zilikuwa uji wa moto kutoka ardhini, ukapoa polepole, ukapasuka wenyewe kwa mistari iliyonyooka. Alizihesabu zikawa mia nne na kumi na mbili, akaipa kila moja nambari kwa rangi nyeupe, upande wa nyuma ambako mgeni hangeiona, na saba yake aliikata katikati kwa kistari, kama alivyofundishwa na mwalimu wake wa hesabu.

Alihamishiwa ofisi ya Nairobi mwaka wa 1985, akafunga ndoa na Kasiva tarehe 20 Desemba 1986 katika kanisa hili la Buruburu, wakajaliwa Kathini mwaka wa 1988 na Mutisya mwaka wa 1992, na kila mwezi alirudi Mavia kukagua nguzo zake, hata vijana wa mtaa wakamwita Daktari wa Mawe, wakimuuliza wagonjwa wameamkaje, naye akijibu kwamba wametulia kuliko wao.

Mwaka wa 2004 alikuta nguzo tisa zimeng'olewa, na mwaka wa 2009 akaziona mbili Donholm, zimesimamishwa langoni mwa nyumba ya mtu, mwenye nyumba akamwambia, “Mzee, si ni mawe tu?”, na jioni hiyo alisukuma kando sahani ya muthokoi, akanawa mikono mara tatu, akasema ananuka wizi. Aliandika barua sita kwa msimamizi wa hifadhi, Bwana Wekulo, na zote sita zililala kwenye droo, na alipostaafu mwaka wa 2018 zilikuwa zimebaki nguzo mia moja thelathini na nane.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2022, akafariki tarehe 3 Machi 2025, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na wenzake wa kazi waliokuja kwa moyo safi.

Lakini Jumanne iliyopita ofisi ya hifadhi ilileta nyumbani, kwa lori, jiwe jeusi la kaburi, limesuguliwa likang'aa na kuchongwa jina lake kwa dhahabu, na Kasiva, ambaye kwa miaka thelathini na minane alimfulia mashati yenye madoa ya rangi nyeupe mikononi, aliomba ligeuzwe, na nyuma yake ilikuwapo nambari 217, saba imekatwa katikati. Bila kumung'unya maneno, familia imechefuka, kwani hiyo si rambirambi, ni kumfunika mchungaji kwa ngozi ya kondoo wake, na jiwe hilo litatangulia safari ya mazishi ya kesho hadi Mavia, lirudishwe lilipotoka, naye atawekewa msalaba wa mti wa muuku uliochongwa na ndugu yake, Musau.

Mativo, lala kwa utulivu, hesabu tunaiendeleza sisi. Nthoki na mwalimu wa hesabu wametangulia, Kasiva yu hai, watoto wote wawili wako hai, Musau yu hai na patasi yake, na Bwana Wekulo yu hai, amekaa safu ya tatu.