Nani Atautambulisha Mrija wa Noela?

Benchi letu la Rwamgasa liko nyuma ya makarasha ya kusagia mawe, ndiyo maana hata siri tunazisema kwa kupayuka. Asubuhi ile siri ilikuwa ya Sostenes. Binti yake Noela, miaka saba, ana maji kichwani tangu azaliwe. Mrija aliowekwa kuyatoa ulikuwa umeziba, na siku hiyo hiyo gari lilikuwa linampeleka Mwanza akabadilishiwe. Sostenes alikuwa amegoma kupanda. Eti mkewe aende, yeye hawezi kutazama mtoto akinyolewa kichwa kwa upasuaji. Nilimwonea huruma, lakini kijiweni kwetu huruma huja na utani.

— Umezibwa na nini? aliuliza Duara, mchimbaji mwenzake.

Sostenes: Daktari kasema ubongo una chembe zake za ulinzi. Zinaupapasa mrija. Zisipoupenda uso wake zinavimba, zinaitana, zinaung'ang'ania.

Duara: Sungusungu hao! Mmoja akipiga mwano, yowe la hatari, kijiji kizima kinatoka na marungu.

Karasha, fundi wa mashine: Kosa la mrija. Ungekuwa laini wangeushikia wapi?

Duara: Laini? Anayejipaka mafuta ateleze ni mwizi! Sungusungu akigusa utelezi anapiga kwanza, anauliza baadaye.

Karasha: Basi uwe na sugu kama mikono ya Sostenes, wajue ni mchapakazi.

Duara: Mikono hiyo? Watauliza mbona miaka yote haijashika dhahabu.

Karasha: Hapo hapo! Upakwe dhahabu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Duara: Dhahabu kichwani, Geita hii? Kabla jua halijazama wameshamchimbia duara la mgodi utosini!

Sostenes alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Halafu akafuta macho, akasema:

— Naogopa, jamani. Naogopa sana.

Mkewe Dorah akatokea, kanga begani.

— Shikamooni.

— Marahaba, Mama Noela.

— Baba Noela, gari limefika. Mwanao ana swali. Anasema hapa kijijini mgeni hakai bila mwenyeji kumtambulisha. Sasa huo mrija mpya, nani atautambulisha kwa hao walinzi aliowasema daktari?

Karasha akamtazama Duara. Duara, mwenye jibu la kila neno, akanywa kikombe kilichokwisha. Honi ikapigwa.

Sostenes akainuka.

— Mwambie... Hapana. Nitamwambia mwenyewe kwamba sijui.

Akatangulia garini.