Leokadia Kobelo, Aliyeuliza Mti Utakuwa wa Nani

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo, Jumatatu tarehe 12 Mei 2025, ni Leokadia Alois Kobelo. Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 katika kijiji hiki cha Lusegwa, tarafa ya Mgeta, akiwa mtoto wa pili wa mzee Alois Kobelo na mama Adelina. Alibatizwa misheni mwezi uliofuata.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1960 hadi 1966. Miaka hiyo wanafunzi waligawiwa maziwa ya unga kutoka ng’ambo. Wenzake walikunywa upesi. Yeye alishika kikombe akamwuliza mtawa aliyekuwa akigawa, “Sista, ng’ombe mwenyewe yuko wapi?” Akajibiwa kwamba yuko mbali sana. “Na siku asipokamuliwa?” Mtawa alicheka, akapita kwa mtoto mwingine. Leokadia aliyanywa maziwa yale, maana alikuwa na njaa, lakini swali lake halikujibiwa.

Tarehe 3 Julai 1971 alifunga ndoa na Yohana Mbiki, fundi seremala, ambaye alitutangulia mwaka 2009. Walijaliwa watoto watatu. Mtoto wao wa kwanza, Glory, alikuwa bado ananyonya wakati njaa ya mwaka 1974 ilipoingia, na mama yake akakaukiwa maziwa. Nyumba yao iliokolewa na unga wa mahindi ya njano, ule ambao watu waliuita unga wa yanga. Marehemu hakuruhusu mtu autukane unga huo mbele yake. “Uchungu wake naujua,” alikuwa akisema, “lakini ulikuja siku ya njaa, tukala, ukaisha. Haukubaki kututazama.”

Kazi yake ilikuwa kilimo cha kabichi, njegere na viazi. Kati ya mwaka 1984 na 1996 alikuwa pia na genge la kuuzia mboga Mwembesongo, mjini Morogoro. Huko alijifunza sura nyingine ya misaada. Mwaka mmoja chakula cha bure kiligawiwa wakati wakulima wa bondeni wamekwisha kuvuna, na mahindi yao yakakosa mnunuzi. Hapa kijijini tuliletewa mashine ya kusaga, nzuri kweli, iliyosaga kwa misimu miwili. Kipuri kilipovunjika, tuliambiwa kinatoka nchi ya mfadhili peke yake. Mashine ile ipo mpaka leo, na kuku wanatagia humo.

Kwa hiyo hakuiweka misaada yote katika kapu moja. Aliupima kila mmoja kwa namna ulivyokuja na kwa kile utakachoacha.

Jambo lililomletea maneno mengi lilitokea mwaka 2019. Shirika moja la ng’ambo lilitaka kupanda miti katika shamba la chemchemi, ambalo ukoo wetu umelirithi kwa mama zetu na ambalo ndilo chanzo cha maji ya kijiji. Afisa wa mradi, kijana Frank, aliitisha mkutano.

“Miche ni ya bure, bibi,” alimwambia marehemu. “Wafadhili hawataki kitu.”

“Mtu avuke bahari, apande mlima huu, halafu asitake kitu? Huyo mgonjwa, mjukuu wangu. Mpelekeni hospitali.”

Watu walicheka, na Frank naye akacheka. “Wanataka hewa safi tu, bibi.”

“Hewa ya Lusegwa waivutie kwao?”

Hapo Maria, binti wa mama mdogo wa marehemu, alisimama kwa hasira. “We Leokadia, utatufukuzia wageni! Mwanangu ameahidiwa kibarua, shule imeahidiwa bati. Kaa chini!”

Marehemu hakukaa. Aliuliza ni nani atakayeiweka miche ardhini. Frank alijibu kuwa ni vijana wa mradi kutoka mjini, wenyeji wapumzike. Akauliza tena, miti itakuwa ya nani. Frank, ambaye hatuna budi kumshukuru kwa ukweli wake, alisema itakuwa ya mradi kwa miaka thelathini.

Kicheko kilikoma. Kwa Waluguru ardhi hushuka kwa mama. Mgeni huazimwa kipande akalima maharage, akavuna, akaondoka, lakini hapandi mti, kwa sababu aliyepanda mti amesema ardhi iliyo chini yake ni yake. Marehemu alisema, “Tupeni miche, tutaipanda wenyewe.” Shirika lilikataa, likahamia kijiji cha pili.

Wenzetu wale wakapata bati la shule. Watoto wetu waliendelea kulowa mvua za masika, na Maria hakumsalimia ndugu yake kwa miaka minne. Kama marehemu alikuwa sahihi, bado hatujui. Miaka thelathini haijafika. Yeye mwenyewe alilisema hilo, na halikumpa raha.

Mwaka 2023 alipatikana na kifua kikuu. Alimwuliza muuguzi, dada Neema, dawa zimenunuliwa na nani. Aliposikia wafadhili wamo, akauliza watadai nini. “Wanadai umalize dozi, bibi,” alijibiwa. Akaimaliza, akapona, akakiri hadharani kwamba huo ulikuwa msaada mwema. Maria ndiye aliyekuwa akimpikia uji wakati wa dozi ile, na hakuna aliyewasikia wakizungumzia miti.

Tarehe 7 Mei alipatwa na kiharusi akiwa shambani. Alifariki hospitalini Morogoro alfajiri ya Ijumaa, tarehe 9 Mei.

Juzi Jumamosi maafisa wapya wa mradi ule wa miti walileta mchele wa msiba, wakaomba tukimaliza mazishi wakae na familia kuzungumzia shamba la chemchemi. Mchele tumeupokea, umepikwa, na tunawashukuru kwa dhati. Kikao hicho hakitakuwepo.

Marehemu ameacha mabinti wawili, Glory na Hosiana, mtoto wa kiume, Abel, wajukuu saba, na ndugu zake Maria na Wilfred. Kwa idhini ya ukoo, Wilfred, mjomba wa watoto hawa, anatamka mbele ya kaburi hili kwamba shamba la chemchemi liko mikononi mwa Glory na Hosiana, na baada yao liende kwa binti zao. Maria ameomba iongezwe kwamba naye ni shahidi. Wageni wetu mmesikia kwa masikio yenu.

Lala salama, Leokadia. Mungu akupokee. Maswali yaliyobaki tutayauliza sisi.