Mama Brashi na Ukuta wa Soko

Ndugu waombolezaji, nasoma kwa niaba ya familia, mimi ni mdogo wake wa mwisho, yule aliyekuwa akimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu na kukaripiwa kila penye shimo.

Dada yetu, ambaye wengi mlimjua kama Mama Brashi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu, akasoma shule ya msingi iliyo mkabala na kiwanda hicho hadi mwaka 1988, kisha akajifunza ushonaji kwa shangazi yetu, fundi mkali kuliko sindano zake. Mwaka 1995 alifungua kibaraza chake karibu na soko, tarehe 7 Juni 1997 akafunga ndoa na dereva wa malori, na mwaka 1999 wakajaliwa binti yao wa pekee, ambaye yuko nasi hapa.

Tarehe 2 Agosti 2003, asubuhi, akiwa ameinama kumpima mteja urefu wa suruali, majambazi waliokuwa wakikimbia kutoka duka la jumla walifyatua risasi ovyo, moja ikampata mgongoni, na tangu siku hiyo hakusimama tena. Mwanzoni wageni walijaa wodini hadi wauguzi wakalalamika, aliporudi nyumbani wakapungua, mwaka ulipopita wakaisha, na mumewe naye aliaga safari ya kawaida, Mei 2005, akatokomea. Dada hakumlaani, alisema tu kwamba nyumba imekuwa kimya mpaka anaisikia friji ikiguna.

Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, akaiuza, na jirani yetu, fundi mabango, akampa brashi kuukuu na makopo ya rangi zilizobaki. Mwaka 2009 aliwakusanya wenzake waliopigwa risasi wakabaki hai, akiwemo mwokaji mikate, mwalimu wa hesabu, na Winga, mcheza mpira wa zamani aliyekatwa mkono wa kulia, wakawa wanachora pamoja kila Jumamosi pale kibarazani. Mwokaji alipochorwa alitoka amefanana na shemeji yake ambaye hawasemezani, akacheka mpaka akalia, na mkewe akasema hajamsikia akicheka hivyo tangu apigwe.

Hao ndio mnaowaona kwenye ukuta wa soko, wote wamekaa, kwa kimo cha mtu aliyekaa, maana mkono wa dada ulifika hapo, na mwenyekiti wa soko alipotaka wapandishwe juu aliambiwa anayetaka kuwaona vizuri achuchumae. Mbele ya ukuta huo, mwaka 2014, kikundi kiliitisha mkutano wa mtaa, kikaomba silaha zilizofichwa majumbani zisalimishwe, na kweli baadhi zililetwa zimeviringishwa kwenye magunia. Lakini watu walipenda picha tu, waliochorwa hawakuwatembelea, ndipo dada akaandika chini ya kila mmoja, nipo nyumbani, njoo tuongee, na njia ya kufika kwake. Wageni wakaanza kuja, hata mwalimu akalalamika kwamba halali tena mchana.

Sura ya dada pekee ndiyo haikuwepo ukutani. Sisi alituambia hana kioo kikubwa, ila kwa binti yake alikiri kwamba anaogopa kuandika maneno yale halafu asije mtu.

Novemba 2022 figo zake zilianza kushindwa kazi, Machi 2023 akalazwa, na akiwa kitandani akamtuma Winga amchore, naye akamchora pale ukutani kwa mkono wa kushoto, sikio moja limepanda, na chini yake maneno yale yote yapo. Watu walikwenda nyumbani kwake, wakakuta kufuli, wakaacha salamu kwa jirani. Kila siku dada aliuliza kama kuna aliyebisha hodi, binti akamjibu wapo, wengi, naye akamshika mkono akamwambia asijisumbue kumbembeleza. Alifariki tarehe 11 Aprili, alfajiri, bila kuamini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopokea salamu hizo, fundi mabango, na wanakikundi wote, hasa Winga.

Dada, binti yako hakukubembeleza, walikuja, na leo wamerudi. Pumzika kwa utulivu.