Sumaku Mfukoni

Kwenye taksi iliyotoka Nyantende, mbele yangu, mama mmoja alimweleza mzee mchimba dhahabu wa Mwenga habari za goti lake. "Docteur aliingiza mu goti dawa yenye iko mu gel, iko sawa bouillie, uji yenye imepoa. Kila mwezi analeta sumaku karibu, dawa inatoka kidogo. Bado wanajaribisha."

Mzee, aliyekuwa akicheka tangu tulipopanda, alitoa mfukoni sumaku yake ya kuondolea chuma katika vumbi la dhahabu. Safari nzima mfuko wenye sumaku hiyo ulikuwa umeegemea goti la mama.

"Maman, unisamehe. Sikujua."

"Ilikuwa dawa ya miezi sita, papa," alisema polepole, akilipapasa goti. "Yote imetoka?"

Nimesoma kemia miaka mitatu, nami nikageuza uso dirishani. Taksi ikasimama Kadutu, mwisho wa safari. Hakuna aliyeshuka.