Papa Évariste na Udongo wa Uwanja wa Waairishi

Ndugu waombolezaji, mimi Darius, kifungua mimba wa marehemu, naomba mnivumilie nieleze maisha ya baba yetu, ambayo kwa sehemu kubwa ni maisha ya uwanja mmoja.

Papa Évariste Byamungu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 mjini Uvira, Kongo, akasoma hapo hapo hadi 1980, na mwaka 1991 akafunga ndoa na mama yetu, Prudence. Vita vilitukimbiza hadi kambi ya Nyarugusu, Tanzania, tukafika Toronto tarehe 3 Oktoba 2006, tukapanga mtaa wa Lawrence Heights, na mwaka uliofuata baba akaajiriwa katika uwanja ambao Waairishi waliufungua 1984 kwa michezo yao ya jadi, ya Kigaeli, ule wa fimbo na ule wa mpira, akawa anakata nyasi na kuchora mistari, mkali kwa yeyote aliyekanyaga chokaa mbichi.

Mdogo wangu Jolie alizaliwa tarehe 19 Aprili 2009. Kwetu kitovu cha mtoto kikidondoka huzikwa nyumbani, kwenye mgomba, lakini sisi tulikuwa wapangaji wa kuhamishwa wakati wowote, basi baba akakizika chini ya mlingoti wa goli la kaskazini, ili angalau mmoja wetu awe mtu wa hapa, wala hakumwambia yeyote kazini, akiogopa kuchekwa.

Uwanja ulikuwa ukituama maji, na ni baba mwenyewe aliyewasumbua wakubwa kila mwaka waukarabati. Walipokubali, Mei 2023, alifurahi kama bwana harusi, akaenda likizo akidhani watang'oa nyasi tu, na aliporudi alikuta wamechimba kina cha kiuno, malori yameshabeba udongo wote, kokoto za nyasi bandia zinatandazwa, na alipomuuliza dereva mmoja udongo ule umepelekwa wapi, akajibiwa kwamba umeshachanganywa na wa kwingine. Ni uwanja mzuri sasa, hautuami maji, na mimi nauchukia. Baba hakukaa sawa tena, sukari ikapanda, figo zikashindwa, akafariki tarehe 11 Januari 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi matangani, na wafanyakazi wenzake mnaotafsiriwa maneno yangu hapa, ambao habari ya kitovu mnaisikia leo kwa mara ya kwanza.

Papa, ulitaka mmoja wetu awe na udongo wake katika nchi hii, na leo, kule makaburini Brampton, umekuwa wewe. Pumzika, na huo wasiuchimbe.