Punje Tatu Juu ya Povu

Basi lilipoondoka kituoni, mama mmoja mwenye faili mapajani alimwuliza kijana aliyeketi kando yake kama anajua mambo ya kahawa. Kijana, mhudumu wa baa, akasema anajua kidogo.

"Nichagulie basi, mwanangu. Hotelini wamenionjesha mbili, zote baridi. Moja ina krimu. Nyingine ina povu, na punje tatu za kahawa juu. Nimekunywa glasi mbili za kila moja, nisije nikadhulumu."

Kijana alishtuka. Punje zile huzipanga mwenyewe kazini kila siku, juu ya kahawa iliyochanganywa na vodka, na ile ya krimu huichanganya vivyo hivyo. "Ni za shughuli gani, mama?"

"Mkutano wa chama chetu cha kupinga ulevi. Mimi ndiye mwenyekiti. Pombe hata ladha yake siijui."

Hilo lilikuwa wazi. Kijana akasema, "Mama, zote mbili ni pombe."

"Zote?"

"Zote."

Mama alitazama faili lake. "Ndiyo maana nilimkumbatia mlinzi wa hoteli."

Basi likasimama. Nje, wanawake wawili wenye fulana za chama walimpungia mama mkono.

"Mwanangu," akanong'ona, "nanuka?"