Mama Safu na Majina Kumi na Moja

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika benki ya damu ya hospitali yetu, mwenzetu tunayemwita Mama Safu anastaafu tarehe 30 Juni. Alipoajiriwa, wachangiaji wa damu waliandikwa kwenye kadi, na alizijua kadi hizo kama kiganja cha mkono wake.

Kompyuta zilipoletwa tulishangilia, kumbe tulishangilia mapema. Fomu ilionyesha mchangiaji mmoja tu; ukimtaka mwingine, bonyeza mshale, subiri, bonyeza tena. Nao walikuwa elfu nne! Mkuu wa maabara akauliza, "Hapa tunatafuta damu au tunafukuza kuku?"

Mama Safu hakucheka. Alichukua kitabu cha maelekezo, akakisoma wiki tatu wakati wa chakula cha mchana, kisha akaunda fomu ya kuonyesha watu wengi pamoja, kila mmoja na mstari wake, yaani safu yake; ndipo tukampa jina la Mama Safu. Jaribio la kwanza lilituvunja mbavu: kisanduku cha simu hakikuunganishwa na jedwali lenye taarifa za wachangiaji, kwa hiyo kila mstari ulibeba namba ileile. Fundi bomba mmoja alipigiwa mara tano asubuhi moja. "Jamani, nina damu ya watu wangapi?" akalalamika. Mama Safu alimwomba radhi, akarekebisha, akaongeza juu ya fomu sehemu ya kuchagua kundi la damu.

Wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi, mjamzito wa mapacha aliletwa akivuja damu. Kundi lake O hasi, na kwenye friji ilibaki chupa moja. Mama Safu alichagua kundi. Majina kumi na moja yakajipanga kwenye skrini moja, waliokaa muda mrefu bila kuchangia wakiwa juu.

"Wewe wapigie simu wa juu, mimi naanzia chini!" alimwagiza mwenzetu mmoja.

Chupa ile moja ilimshikilia mgonjwa. Ndani ya saa moja wachangiaji wanne walikuwa wamelala vitandani, mikono imenyooshwa. Yule mjamzito alijifungua na kupona, na mapacha wakalia kwa sauti iliyofika hadi maabara. Mama Safu aliingia stoo, akalia kidogo na yeye, akarudi kazini.

Leo hospitali sita zinatumia fomu yake. Sifa hakuzidai kamwe. Alichodai ni tusiache kisanduku cha tarehe ya mwisho ya kuchangia kitupu.

Dada yetu, asante sana. Nenda ukale matunda ya jasho lako pamoja na mzee wako, kwa afya tele na asubuhi zisizo na haraka.